Mwaka wa Simu Ndani ya Chungu

Bibi alizikwa Jumamosi kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na kila aliyesimama kusema neno alisema lile lile: ameondoka mzee aliyekula chumvi nyingi, mwanamke asiyejua woga. Mwinjilisti alisema hivyo, mwenyekiti wa kitongoji naye akasema hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wa ukoo, kitenge kiunoni, na kila sifa hiyo ilipotajwa nilitazama chini. Mdogo wangu Koku alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kyerwa na watoto wake watatu, na alilia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye tukiwa jikoni, tukipakua ndizi na maharage ya waombolezaji, aliniuliza mbona mimi silii. Nikamjibu kwamba moshi umenimaliza machozi. Ni jibu la kijinga, na Koku akaniangalia kama mtu anayemwangalia mlevi, kisha akaendelea kupakua. Sikuwa na namna ya kumwambia, na sahani ya mwinjilisti ikiwa inapoa, kwamba Bibi alikuwa mwoga kweli kweli, kwamba nilijua alichokiogopa, na kwamba nilikuwa na mkono katika hofu ile. Ilianza mwaka niliomaliza kidato cha nne, nilipokuwa nyumbani Nyakakika nikisubiri matokeo, na Koku akiwa na miaka tisa.

Tulikuwa wanne nyumbani: Bibi, aliyemzaa marehemu Baba, kisha Mama, mimi na Koku. Nyumba ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, na sebuleni Bibi alitandika nyasi mbichi kila Jumamosi kama walivyofanya wazee wake, hivyo ukiingia kulikuwa na harufu ya shamba lililokatwa. Mnyauko ulikuwa umeimaliza migomba yetu. Tuliikata mmoja baada ya mwingine, ikitoa ule utomvu wa njano unaonuka, tukafukia. Tulikula mihogo na maharage, tena maharage na mihogo, na kwetu mtu anaweza kushiba ugali au mihogo mpaka tumbo likauma halafu akakuambia hajala, kwa sababu hajaona ndizi. Mama alikuwa akienda vibarua hadi Kihanga, analala huko siku mbili tatu kwa watu wenye mashamba makubwa. Basi uliposikika uvumi kwamba kuna mradi unapita kwenye nyumba za nyasi na kuwapa watu pesa, mimi nilifurahi. Nilikuwa mjinga wa shule, nadhani hivyo ndivyo niseme. Nilijua kusoma, nikadhani inatosha.

Karani alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, kishikwambi mkononi, na alituambia kwao ni Singida. Alimwamkia Bibi shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, na hapo Kiswahili cha Bibi kikawa kimefika karibu na mwisho wake. Mengine yote nilitafsiri mimi, nimekaa kwenye nyasi katikati yao. Alieleza kwamba pesa zitaingia kwenye simu, mara mbili, mwanzoni na kuelekea mwisho wa mwaka, na kwamba ni zetu, tufanye tunachotaka. Bibi akasema kwa Kinyambo, "Muulize anataka nini." Nikamuuliza. Akacheka kidogo, akasema hataki kitu. Bibi akasema, "Muulize tena." Nikamuuliza tena, na safari hii karani hakucheka, alieleza taratibu kwamba hakuna kurudisha, hakuna masharti, hakuna kujiunga na chochote. Nilimtafsiria Bibi, na nikaona uso wake unajifunga. Mkopo angeuelewa. Angeelewa hata mtu anayetaka kura. Mtu aliyetoka Singida kuja kumpa pesa bila kutaka kitu, huyo alimtisha.

Halafu karani alifanya makosa mawili, na la pili lilikuwa langu pia. Alipofika kwenye swali la tuko wangapi, alinyoosha kidole akatuhesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Bibi alishtuka, akamvuta Koku nyuma ya gauni lake, kwa sababu watu hawahesabiwi hivyo, hasa watoto. Lakini aliheshimu mgeni. Alinyanyuka akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa juani. Kwetu mgeni huletewa kahawa hiyo kabla ya chakula, naye huchukua moja au mbili, anatafuna pale pale mbele ya wenyeji. Zamani watu walichanjana, wakapaka damu kwenye buni na kula pamoja ili wawe ndugu. Kwa hiyo anayekula kahawa yako mbele yako ameonyesha moyo wake. Asiyekula ana lake jambo. Na aliye na lake jambo akazichukua kuondoka nazo, hilo hata jina halina. Kijana wa watu alichota buni, akasema "Asante sana Bibi, nitakula njiani," akazitia kwenye mfuko wa shati. Nilipaswa kumwambia. Nilikaa kimya kwa sababu niliona aibu, nikadhani atatuona washamba. Alipotoka Bibi alisema alichukua nne. Mimi sikuona ni ngapi. Lakini baada ya Bibi kusema nne, nami nikaziona nne, na mpaka leo nikifumba macho naona nne.

Maneno yakafuata. Kisimani, mama mmoja jirani yetu, Mama Anatoria, aliwaambia wenzake kwamba hizo ni pesa za frimasoni, kwamba huko walikoanzia kuna nyumba ilipokea na baada ya miezi mtoto akapotea. Kwamba kuna nyoka anakaa chini ya kitanda anatapika noti, na siku akishiba kukupa anataka chake. Niliyasikia nikiwa nimeinama na ndoo, wakidhani nimeshaondoka. Mwingine akauliza, "Sasa wewe mwenyewe si ulijiandikisha?" Mama Anatoria akasema, "Nimejiandikisha, lakini ninaomba." Walicheka. Mimi nilicheka pia njiani, peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Nyumbani sikusema kitu, lakini Bibi alikuwa na masikio yake, na jioni ile akila mihogo alimwambia Mama, "Walituhesabu wanne na wakachukua nne. Wanataka tuseme wenyewe achukuliwe nani." Mama alikuwa amechoka, miguu ina matope ya Kihanga. Alisema, "Mama, tuna njaa." Bibi akasema, "Njaa haichagui mtoto."

Ujumbe uliingia mchana mmoja, mimi na Mama tukimenya mihogo uani. Simu ililia ule mlio wake mfupi. Niliusoma kwa sauti: pesa za mradi zimeingia. Mama alishika kichwa, kisu kikaanguka, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kumwona vile, wala sijamwona tena vile. Bibi alitoka ndani akauliza kuna nini, tukamwambia, naye hakupandisha sauti. Alisema nyumba hii ni yake, na katika nyumba yake pesa ile haiguswi, asiyeigusa hajakubali. Mama alibishana naye kwa muda, kwa heshima, mama mkwe ni mama mkwe. Mwisho alimpa simu. Nilikuwa nimeizima mimi mwenyewe, kwa sababu Bibi alitaka ifumbe jicho. Aliifunga kwenye kipande cha kanga, akaiweka ndani ya chungu cha zamani cha kuchemshia dawa, akafunika na kukisukuma kwenye kona ya jiko, nyuma ya kuni. Kuanzia siku ile tulipika tukiwa na chungu kile kinatuangalia. Mama aliigeuzia mgongo ile kona. Koku alikatazwa kuingia jikoni kabisa, akawa analetewa chakula nje.

Wiki tatu tuliishi hivyo. Kwa Mama Anatoria walinunua mbuzi wawili, na mbuzi wale walikuwa wazima, tena wanalia kwa furaha, na watoto wake wote wapo wanakimbia barabarani. Nilimwonyesha Bibi. Alisema, "Wataanza na nani, wewe unajua?" Nilijifanya mtu wa shule, nikamwambia hizo ni imani. Lakini ukweli ni kwamba nilianza kumhesabu Koku. Akienda kuchota maji nilimfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Akikohoa nilisimama. Akichelewa kutoka shule nilikuwa nimeshafika nusu ya njia, na nikimwona anakuja na wenzake, viatu mkononi, nilimgombeza kwa kosa ambalo sikuweza kulitaja. Alidhani nimemchukia. Hofu ya Bibi ilikuwa na sababu zake na ilikuwa na adabu, ilikaa mahali pamoja. Yangu ilizurura. Niliogopa na niliona aibu kuogopa, na sidhani kuna hali mbaya kuliko hiyo.

Koku alirudi kutoka shuleni siku ya Jumatano kabla ya wakati wake, akasema kichwa kinamuuma. Mama alikuwa Kihanga. Kesho yake asubuhi mwili ulikuwa wa moto, na kufika saa sita mchana alikuwa haitiki vizuri. Ukimwita anafungua macho, anakuangalia, halafu anayafunga. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilimwona akikakamaa, meno yameumana, miguu inapiga nyasi za sebuleni. Bibi alikuwa amempakata, anamwita kwa majina yake yote, pamoja na yale ya ukoo ambayo mimi sikuyajua. Alipotulia Bibi aliniangalia, na hakuhitaji kusema. Nilijua anachofikiri kwa kuwa nami ndicho nilichokuwa nafikiri: ni yeye, basi, wameshachagua. Nikasema, "Nampeleka hospitali." Bibi akasema, "Kwa nini?" Maana yake ilikuwa kwa pesa gani, na sote tulijua ni pesa gani. Hatukuwa na nyingine. Nikaenda jikoni.

Niliporudi na simu mkononi, ile kanga imening'inia, Bibi alikuwa amemlaza Koku mkekani, na yeye mwenyewe ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba mlango. Alisema, "Jovitha, ukiifungua hiyo umesema ndiyo. Umewaambia wamchukue huyu." Alikuwa halii, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia, "Nisipoifungua anakufa." Akasema, "Labda." Lilikuwa neno la haki, kwa maana hata mimi sikujua. Nilisimama pale nikiwa na kitu kimoja kilichoweza kumwokoa mdogo wangu, na nusu ya moyo wangu ikiamini kwamba hicho hicho ndicho kinachomuua. Nilimwinua Koku, alikuwa mwepesi na anaunguza, nikamfunga mgongoni, nikairuka miguu ya Bibi nikatoka. Miguu ya mzee hairukwi. Hata mtoto wa miaka mitatu kwetu anajua hivyo. Nyuma yangu nilimsikia akivuta pumzi.

Barabarani nilimpata Deus, kijana wa bodaboda wa pale kwetu, nikaiwasha simu mbele yake ili aone kwamba nitamlipa. Namba ya siri nilikosea mara ya kwanza. Pesa zilipohama kutoka simu yetu kwenda yake, niligeuza shingo kumsikiliza Koku kama bado anapumua. Alikuwa anapumua. Njia nzima nilifanya hivyo, kila tuta, kila shimo. Nyaishozi tulisimama kwa wakala nikatoa fedha ya dawa, na yule dada wa dirishani akaniuliza mtoto ana nini, nikachukua fedha nikarudi kwenye pikipiki, kwa sababu majibu yalikuwa mawili. Hospitalini walimchukua kutoka mgongoni mwangu wakakimbia naye. Muuguzi mmoja alinigombeza kwa nini nimechelewa, kisha akarudi kusema ni malaria, damu imekwisha, anahitaji kuongezewa. Walinipima nikafaa. Nililala pale kwenye kitanda chembamba nikitazama damu yangu ikiingia kwenye mfuko, na nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mkono mwingine, nikisema kimoyomoyo, kama ni damu, hii hapa, chukueni hii, mmalize. Mtu wa kidato cha nne. Nilisema hivyo na nilikuwa na maana.

Koku alipona. Siku ya tano alikuwa anadai ndizi, na Mama, ambaye alikuwa amefika miguu imevimba, alienda akamnunulia, tukazila sote watatu kwenye benchi la nje ya wodi, za moto, bila maharage, bila chochote. Pesa iliyobaki Mama hakuirudisha kwenye chungu. Alinunua mabati, akanunua miche safi ya migomba kutoka kwa mtu ambaye shamba lake halikuguswa na mnyauko, akamnunulia Koku chandarua na viatu, akaacha vibarua vya Kihanga. Sitaki mtu anisome akadhani pesa ile haikutubadilisha. Ilitubadilisha. Mama alianza kulala nyumbani kila siku, akaanza kuimba akifagia. Mvua ilipiga kelele juu ya bati na sisi tuko chini tumekauka. Mpaka leo nikisikia mtu amekaa mjini anasema maskini wakipewa pesa wataichezea, damu inanichemka. Lakini katika nyumba ile iliyokauka Bibi hakuwa anakula. Kwa macho yake Koku hakuwa amepona. Alikuwa amerudishwa ili akae kidogo. Pesa tulishaigusa, nyumba tulishaiezeka kwayo, na wenyewe hawajachukua chao. Hakunilaumu kwa kumruka miguu, na hata siku moja hakulitaja. Alikuwa tu akimwangalia mtoto akiruka kamba uani, na mimi nikimwangalia yeye, na nilijua tunaona kitu kimoja.

Kuelekea mwisho wa mwaka karani alirudi, yule yule wa Singida, amenenepa kidogo. Alifurahi kuona bati. Alisema kabla ya awamu ya pili ana maswali machache tu: tumetumiaje, maisha yamebadilikaje, nani katika nyumba angependa kusema neno. Mama alieleza yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kisha Bibi akamwomba Mama aende akamletee ugoro kwa jirani, na Mama alipotoka alisogea mbele kwenye kigoda, akaweka mikono magotini kama mtu aliye mbele ya baraza. Alizungumza taratibu ili nisipoteze neno. "Mwambie," alisema, "najua hakuna kitu cha bure. Sisemi vibaya, wametutendea vizuri, mtoto amepona, mkwe wangu hatembei tena kwenda kulima kwa watu. Lakini katika wale wanne aliotuhesabu, yule mdogo amwache. Na huyu anayemtafsiria amwache, na mama yao, ana kazi. Aandike mimi. Jina langu ni Paskazia. Mwambie aandike Paskazia, na nitakuwa tayari siku yoyote. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Karani alinigeukia akitabasamu, kidole kiko juu ya kishikwambi, anasubiri. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimesoma. Niliona jinsi atakavyonitazama. Niliona maneno yale yakisomwa mahali fulani na watu wanaocheka. Nikasema, "Bibi anashukuru sana. Anasema anaitwa Paskazia." Akasema, "Ooh, asante sana Bibi Paskazia," akaandika, na Bibi aliposikia jina lake na kuona kidole kinaandika, alishusha pumzi ndefu. Alimpa mkono. Karani alipoondoka Bibi aliniuliza, "Amekubali?" Nikasema, "Amekubali." Siku hiyo Bibi alikula sahani nzima. Wiki ile aligawa vitenge vyake, akatuonyesha mahali pa kumzika, na akamruhusu Koku kwenda popote alipotaka, hata kulala kwa rafiki zake, bila kumfuata kwa macho.

Sasa nasema lile ambalo sikuweza kumwambia Koku jikoni. Kulikuwa na siku nyingi za kumwambia Bibi ukweli. Awamu ya pili ilikuja, migomba ikazaa, mimi nikaenda chuo kwa pesa za mikungu ya ndizi na kahawa, nikarudi mwalimu, na Bibi aliendelea kuishi, kila asubuhi akiamka na kuvaa vizuri kwa sababu huenda ndiyo siku yenyewe. Ningemwambia, Bibi, sikumtafsiria, hakuna aliyekuandika kwa jambo lile, hakuna anayekuja. Sikumwambia, na si kwa aibu tu. Kama ningemwambia kwamba ahadi ile haikufika, basi mtoto aliyehesabiwa angekuwa amebaki bila mtu mbele yake. Nilikuwa na cheti cha ualimu na niliogopa jambo hilo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Nikamwacha Bibi asimame pale.

Aliniuliza mara moja tu. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa, tumekaa uani tunachagua buni, na Koku alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Kyerwa, tumbo la mtoto wake wa kwanza limeshatangulia mbele. Bibi alimtazama akipita na ndoo, akangoja afike mbali, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jovitha, yule kijana ulimwambia vizuri? Mbona wanachelewa?"

Nilimtazama Koku akiinama kisimani. Nikasema, "Nilimwambia, Bibi. Watakuja."

"Vizuri," akasema Bibi, na akaendelea kuchagua kahawa.